Vidole Vitatu vya Ba

Nesi aliweka vidole viwili kwenye mkono wa mama, akatazama saa yake, akaandika. Nikamuuliza cha tatu kiko wapi.

"Cha tatu cha nini, madam?"

"Basi. Endelea tu."

Isitoshe, alikuwa ameshika mkono wa kulia, na mwanamke husomwa wa kushoto. Hilo nalo sikulisema. Tulikuwa na siku tatu hospitalini Homa Bay, mama amelala kwa ubavu, presha imemwangusha akitoka kuanika nguo, na mimi kwenye kiti cha plastiki nikihesabu matone ya dripu. Nahesabu kila kitu mara mbili. Wanaoniletea mitumba sokoni wanajua: gunia nalihesabu nikilifungua na nalihesabu tena nikipanga, na atakayeniambia ananiamini namwambia ni vizuri, mimi bado.

Nesi akataka kadi ya mama ya kliniki. Nikaingiza mkono kwenye mkoba wake, mkoba ambao sikuwahi kuruhusiwa kuupekua hata nilipokuwa na wajukuu wangu mwenyewe, na chini kabisa, chini ya leso na rozari na mswaki, nikagusa mkebe mdogo wa ugoro. Mama hajawahi kunusa ugoro. Nikafungua kifuniko.

Harufu ikanipata kabla ya macho. Mvuje. Kama hujawahi kuunusa, fikiria kitunguu kilichokasirika kikafungiwa chumbani mwaka mzima. Ndani ya mkebe kulikuwa na vifurushi vidogo vya karatasi ya gazeti iliyogeuka rangi ya chai, vinne vimefungwa kwa uzi mwekundu, vinne kwa uzi mweupe. Vinane. Nikahesabu tena. Vinane. Nikafunika mkebe, nikaurudisha, nikampa nesi kadi, na mshipa wa mkono wangu wa kushoto ukaanza kupiga ile mipigo yake miwili, mmoja unatangulia, mmoja unafuata, kama unavyofanya tangu nikiwa na miaka tisa.

Jina langu ni Apiyo. Kwetu ukisikia Apiyo unajua Adongo yupo karibu, kwa sababu Apiyo ni pacha aliyewahi kutoka na Adongo ni yule aliyemfuata. Tulizaliwa Migori, upande wa Suna, ambako mama alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, zilizotoka kwao Sindo. Baba aliendesha lori na tulimjua zaidi kwa viatu vyake mlangoni. Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi mapacha walivyolelewa. Ukimletea mmoja gauni, unaleta mawili. Ukimchapa mmoja, mwenzake hakosi walau kofi la heshima. Mama akigawa samaki alihesabu vipande akianzia kwangu, halafu akahesabu tena akianzia kwa Adongo, ili hata hesabu yenyewe isimpendelee mtu. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu. Pacha akipunjwa, walisema, anakasirika, na pacha akikasirika anaondoka.

Lakini kuna kimoja ambacho mama hakuweza kukigawa. Adongo alikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa mzima. Macho yake yaligeuka manjano, vidole vikamvimba, na baridi ikija, hasa msimu wa mvua, mifupa ilimuuma mpaka anauma blanketi asilie. Alikuwa mwembamba kama kivuli changu cha jioni. Mama alimpeleka kliniki, wakampa tembe, akazinywa. Tulilala kitanda kimoja watatu: mama upande wa nje, Adongo katikati, mimi ukutani. Katikati ndiko kulikokuwa na joto. Ukuta ulikuwa wa udongo uliopakwa saruji nyembamba, na mvua ikinyesha ulitoa jasho baridi kama chupa ya soda. Nilikuwa nimehesabu miezi yote Adongo aliyolala katikati, na nilikuwa na malalamiko, ila sikujua ofisi ya kuyapeleka.

Duka la Ba lilikuwa karibu na stendi. Mbele alikaa mwanawe akiuza sukari, sabuni na bizari. Nyuma, ukipita pazia la shanga, alikaa Ba mwenyewe kwenye kibanda cha mbao chenye zulia. Ba ni jinsi wajukuu zake walivyomwita, bibi kwa lugha ya kwao, na mji mzima ukalichukua. Alikuwa Mhindi mzee mwenye sari nyeupe ya ujane, aliyezaliwa papa hapa Nyanza, na Kijaluo chake kilikuwa safi kiasi cha kututia aibu sisi. Watu walimwendea kwa matumbo yasiyotulia, watoto wasiolala, magoti ya wazee. Hakuwa na koti jeupe wala kipimo. Alishika mkono tu.

Siku mama alipotupeleka, Ba alimketisha Adongo mbele yake, akachukua mkono wa kushoto, akaweka vidole vitatu chini ya dole gumba, vimepangana kama wanawake kisimani. Akafumba macho. Nikaanza kuhesabu. Nilifika mia na kumi na bado hajafumbua.

"Unasikiliza nini, Ba?" nikauliza. Mama akanifinya.

"Mwache," Ba akasema, macho yamefumbwa bado. "Kidole hiki cha kwanza kinasikiliza Upepo. Cha katikati, Moto. Hiki cha tatu, Maji. Kila mtu anao hao watatu. Wakielewana, mtu anakula, analala, anacheka. Mmoja akivimba kichwa, wengine wanateseka."

"Na kwa Adongo nani amevimba kichwa?"

"Upepo. Upepo uko kwenye mifupa, na baridi inauita uingie zaidi." Akafumbua macho. "Lete wako."

Nikampa wangu. Hakukaa sana. "Huyu ni Moto," akamwambia mama. "Huyu atagombana na watu mpaka azeeke. Hana shida."

Hivi ndivyo mtoto anavyosikia. Mimi sikusikia maelezo ya mwili. Nilisikia kwamba kuna watu watatu wanaoishi mkononi, wenye majina, na kwamba Ba anapiga hodi na wao wanaitikia. Na kwa kuwa sisi tulikaa tumbo moja, nikapiga hesabu yangu. Tumbo moja, watu watatu. Hawakuwa sita, walikuwa watatu tu wa kugawana. Mimi niliyewahi kutoka nilichukua Moto nikaondoka naye, na Adongo aliyebaki nyuma akaachiwa Upepo. Nilihesabu mara mbili na jibu likawa lile lile: nilikuwa nimebeba joto la dada yangu.

Siku mbili baadaye nilirudi kwa Ba peke yangu. Mama alikuwa sokoni, na mimi nilikuwa nimeambiwa nipeleke maji. Ba alikuwa akipepeta mbegu kwenye ungo.

"Umekuja na nani?"

"Na mimi."

"Karibuni basi."

Nikakaa kwenye zulia. Nilikuwa nimesikia mama akipatana bei tangu nikiwa mgongoni, kwa hiyo nilijua huanzi na kile unachokitaka. Nikamuuliza mbegu ni za nini. Nikasifu ungo. Halafu nikasema, "Ba, nataka unitoe Moto kidogo umpe Adongo."

Akaendelea kupepeta. "Kidogo kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu ni nyingi. Utakulaje? Moto ndio unaopika chakula tumboni. Ukizimika, hata uji unakaa kama jiwe."

"Basi robo."

"Na Adongo atakupa nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Upepo robo," nikasema. "Mimi nitauweza."

Ba akaweka ungo chini. Sikumbuki kama alicheka. Nakumbuka alivyonitazama, kama mtu aliyeletewa kitu kizuri ambacho hana pa kukiweka. "Nyathina," akaniita, mtoto wangu, kwa lugha yetu, "duka hili lina mizani tatu na hakuna hata moja inayopima hiyo. Hujachukua kitu cha mtu. Wewe ulikuja na watatu wako, yeye akaja na watatu wake. Siku ile mtoto anapoanza tumboni ndipo wanapopangwa, nani mkubwa nani mdogo, na mpango huo ni wa kwako mpaka unazikwa. Hauazimwi."

"Nani alikwambia?"

Basi akaniambia. Zamani sana, alisema, watu walianza kuugua, wakawa hawawezi kufanya kazi wala kufunga wala kusali. Wazee wenye akili wakakutana mlimani, kwenye baridi kali, wakaulizana nani ataenda kwa mfalme wa miungu kuuliza namna ya kuishi. Mmoja akasema nitaenda mimi. Akaenda, akasikiliza, akarudi akawaambia wenzake, nao wakawaambia wanafunzi wao, mdomo kwa sikio, vizazi vingi kabla maneno hayo hayajaandikwa. Mlima wenyewe uko mbali, upande wa kwao India, lakini mimi niliuweka Gwassi, nyuma ya Sindo, kwa sababu ndio mlima niliokuwa nao. Mpaka leo nikiuona naona wazee wamejifunika mablanketi wakibishana nani atumwe.

"Na huyo aliyetumwa, walimpa bure?"

"Bure. Alikuwa mgeni mzuri, alinyamaza." Akaniacha nilimeze hilo. "Jina la ujuzi huo ni Ayurveda. Ayu ni maisha. Veda ni kujua. Umeona? Si kujua magonjwa. Watu wawili wakija hapa na kikohozi kimoja, mimi siangalii kikohozi. Naangalia nani amekileta. Huyu nitampa tangawizi, yule nikimpa tangawizi nitamchoma. Kilicho baridi unakituliza kwa joto, kikavu kwa mafuta, kizito kwa chepesi. Lakini kwanza ujue ni nani."

Nilimuuliza ladha ziko ngapi, kwa sababu alikuwa ameanza kutaja. Sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, na ukakasi ule wa ndizi mbichi. Nilizihesabu kwa vidole, zikafika sita. Nikazihesabu tena. Nilitoka pale nimekosa biashara niliyoifuata, na bado nilijisikia mwepesi. Sikuwa nimemwibia dada yangu. Wepesi huo ulidumu siku nne.

Siku ya nne mama alirudi naye Adongo kwa Ba, na mimi nikafuata. Ba alikuwa ametengeneza unga. Alikuwa amekata karatasi za gazeti vipande vinavyolingana na kuvipanga gotini. Akaanza kufunga.

"Hii ni ya Adongo. Asubuhi na jioni, na samli ya moto. Umkande na mafuta ya simsim yaliyopashwa. Asioge maji baridi. Asilale kwenye baridi. Na hospitali usiache, nyar Sindo," akamwita mama, binti wa Sindo. " Homa Bay wana daktari wa damu. Mimi nashika mkono tu, siwezi kuona damu."

Mama akatazama vile vifurushi. "Na vya Apiyo?"

"Apiyo haumwi."

"Ba, hawa ni mapacha."

"Nimeona."

"Siwezi kumpa mmoja, mwingine nimwangalie tu. Kwetu haiko hivyo. Wape sawa."

Wakabishana, kwa sauti ya chini, kwa Kijaluo, wanawake wawili wakubwa wenye heshima, kila mmoja na sheria yake. Ba alisema dawa ya mtu mmoja kwa mtu mwingine ni uchafu tu, au ni mbaya zaidi. Mama alisema yeye hana ubishi na dawa, ana ubishi na hesabu. Mwishowe Ba alipumua, akavuta kopo jingine, akachanganya kitu kingine kwa ajili yangu, na akafunga vifurushi vingine kwa karatasi ile ile, kwa ukubwa ule ule. Kumi na vinne kwa uzi mwekundu, vya Adongo. Kumi na vinne kwa uzi mweupe, vyangu.

"Sawa kwa hesabu," akasema. "Ndani kila mtu na chake. Umesikia, Moto? Usiniletee biashara zako hapa."

Nikasema nimesikia. Vilikuwa ishirini na nane. Nilivihesabu njiani, na nyumbani tena.

Kesho yake mchana, mama yuko sokoni, Adongo alinikuta uani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu imenyooka kwa sababu magoti yalikataa.

"Apiyo. Tubadilishane."

"Nini?"

"Dawa. Mimi ninywe yenye uzi mweupe."

"Ba amekataa."

"Ba hayuko hapa." Akasubiri. Alikuwa na akili kuliko mimi, ila hakuwa na haraka. "Yangu ni ya mtu anayeumwa. Nikiinywa nitaendelea kuumwa, ndiyo kazi yake. Yako ni ya mtu mzima. Nikinywa ya mtu mzima nitakuwa mzima."

Nilijua haikuwa hivyo. Katika wote waliokuwa Suna siku ile, watoto na wakubwa, ukimtoa Ba, mimi ndiye niliyejua, kwa sababu nilikuwa nimeketi kwenye zulia nikaelezwa. Ningeweza kumwambia. Badala yake nikasema, "Utanipa nini?"

"Unataka nini?"

"Katikati."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa kidole, kupitia mlangoni, kitanda. Alikitazama kwa muda. Halafu akasema sawa, na akanipa mkono, kama alivyoona watu wazima wakifanya kwenye mnada wa ng'ombe.

Mama alipouliza kwa nini tumebadilishana nafasi, Adongo alisema anasikia joto. Mama akatutazama mmoja mmoja. Na kila asubuhi na kila jioni, mama akigeuka kuchota samli, vifurushi vilivuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mara ya kwanza niliramba unga wa kwangu na wa kwake, nipime. Ladha ilikuwa moja: uchungu mbele, mvuje nyuma, utamu kidogo mwishoni. Nikajiambia ni kwa sababu sisi ni mapacha, ulimi wetu ni mmoja. Mtoto ana jibu la kila kitu.

Nililala katikati siku tano. Mvua ilinyesha zote tano. Nakumbuka mkono wa mama ukinijia kifuani, mzito, wa joto, na nikijiambia kwamba nimepata bei nzuri.

Asubuhi ya sita Adongo hakuweza kunyoosha kitu chochote. Hakulia. Alikuwa akihema kama aliyekimbia. Mama alimfunga blanketi, akasimamisha gari la samaki lililokuwa likielekea Homa Bay, akapanda naye mbele, akaniacha kwa jirani. Sikuwaaga. Nilikuwa natafuta vifurushi vya asubuhi ile, kwa sababu hesabu ilikuwa haijatimia, na nilipotoka nje gari lilikuwa limeshapinda.

Mama alirudi baada ya siku mbili, peke yake, na blanketi limekunjwa vizuri. Tulimzika nyumbani kwa baba. Watu waliokuja walileta vitu viwiliviwili kwa mazoea, wakakumbuka wakiwa mlangoni, wakawa hawajui wafanye nini na cha pili.

Ba alikuja kutupa pole, akiegemea mjukuu wake. Akaniita, akashika mkono wangu wa kushoto. Vidole vitatu. Nilitaka kuukimbiza mkono wangu, kwa sababu wale watatu wa ndani ni waongeaji, na nilijua watanisema.

Alikaa muda mrefu. "Umekunywa kitu kisicho chako," akasema polepole, mimi tu nisikie.

Nikatazama vidole vyake.

"Si dawa iliyomchukua. Hata ingekuwa ipi. Ugonjwa ule uko kwenye damu, na mkono wangu haufiki huko. Nilimwambia mama yako, sasa nakwambia wewe." Akaniachia. "Lakini wewe hutaniamini. Moto hauamini."

Sikumwamini. Nilipokuwa mkubwa niliuliza, nikaambiwa jina, selimundu, nikaelezwa jinsi damu yenyewe inavyojikunja na kuziba njia, na kwamba siku zile watoto wengi wa kwetu walikwenda hivyo. Nilielewa yote. Nilimwelewa na Ba, ambaye alikufa, na duka lake leo linauza simu. Lakini mkono haukuelewa. Tangu siku ile ukipiga mara moja, kuna mpigo mwingine unafuata nyuma, mwembamba, wa mtu asiye na haraka. Nikihesabu napata idadi moja. Nikirudia, napata nyingine. Nimekwenda kwa madaktari. Mashine zao zinasema ni mmoja. Miaka yote hii nimekuwa nikihesabu kila kitu mara mbili nikitumaini kwamba siku moja, kwa bahati, majibu mawili yatalingana hapo pia.

Jioni ya ile siku ya mkebe, mama aliamka akiwa na akili timamu. Akanitazama, akatazama mkoba ulivyokaa.

"Umeuona," akasema.

"Nilikuwa natafuta kadi."

"Viko vinane."

"Najua."

Akafunga macho. Nikadhani amelala tena. "Kuna jambo sijamwambia mtu. Hata baba yako alikufa bila kulijua," akasema. "Siku ile tumetoka kwa Ba, ninyi mkiwa nje, nilifungua zote. Ishirini na nane. Nikazimwaga kwenye sinia. Nikachanganya na mkono wangu huu mpaka ikawa rangi moja, nikapima na kijiko, nikafunga upya, nyuzi zile zile."

Nikasogeza kiti karibu na mto.

"Nilishindwa, Apiyo. Mmoja mwekundu, mmoja mweupe, ningewatazamaje? Nikaona bora wagawane. Halafu akaenda. Nusu ya dawa ya mtoto wangu nilimnywesha mwingine, na yeye nikampa uchafu wa nusu iliyobaki. Hizo nane nimezibeba nisisahau."

Ulimi wangu ulikumbuka kabla yangu: uchungu, mvuje, utamu mwishoni. Ladha moja. Haikuwa kwa sababu ya mapacha. Vifurushi vilivyovuka kutoka mkono hadi mkono asubuhi na jioni vilikuwa kitu kimoja, na biashara yangu yote ilikuwa ya kubadilishana uzi.

Nikamwambia. Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini nilimwambia, ndoo iliyopinduliwa, mkono tuliopeana, uzi mweupe. Nilipofika kwenye bei, nikaishia hapo. Alisubiri.

"Ulitaka nini kwake?"

"Katikati."

Dripu iliendelea kudondoka. Niliacha kuhesabu. "Kwa hiyo ulimuuzia hewa," akasema mwishowe, kwa ile sauti yake ya sokoni. "Na yeye akakulipa kweli."

Ndivyo ilivyokuwa. Dawa haikuwa kitu. Joto ndilo lililokuwa kitu. Ba alisema asilale kwenye baridi, nikiwa nimesimama pale pale, na mimi nikamsukuma kwenye ukuta unaotoa jasho, siku tano, mvua tano. Nilikuwa nimebeba kosa lisilokuwepo zaidi ya miaka arobaini, na nyuma yake, limefunikwa nalo, lilikaa lile lililokuwepo.

"Nilikuwa na furaha," nikasema. "Ulikuwa unanishika. Usiku kucha mkono wako ulikuwa hapa." Nikagusa kifua.

Mama akageuza kichwa kwenye mto akanitazama, na nikaona anajiuliza kama anibakishie hilo. Si mtu wa kumpunja mwingine ili kumfurahisha mmoja.

"Ulikuwa unapita," akasema. "Nilijua anaona baridi. Mkono wangu ulipita juu yako, nikamshika wa kwake. Nilimshika siku zote tano."

Baadaye kidogo usingizi ukamchukua, na nesi akaja na vidole vyake viwili, akaandika, akaenda. Nilikuwa nimeegemea kitanda, kichwa karibu na bega la mama, nilipouona mkono wake wa kushoto ukiinuka wenyewe juu ya shuka, usingizini, ukatafuta. Uligusa kifua changu, ukatulia kidogo, ukaendelea kusogea.

Nikarudisha kiti nyuma, nikaupisha.